Mzee anasikia ila haelewi: kwa nini kifaa cha kusikia kinashindwa penye kelele

Wadau, leo tuongelee jambo lililopo kwenye nyumba nyingi. Mzee anaanza kuwa mzito wa kusikia. Watoto wanachangishana, anapelekwa kupimwa, anapata kifaa cha kusaidia kusikia (wengine wanakiita shimesikio). Siku ya kwanza pale sebuleni ni furaha tupu, mzee anasikia mpaka saa ya ukutani. Jumamosi mnakwenda naye harusini. Nusu saa haijaisha ameshakivua na kukitia mfukoni, na tangu siku hiyo kinalala kwenye droo. Hapo maneno yanaanza: mzee mbishi, kifaa feki, hela imepotea bure.

Kwetu ilimkuta baba mdogo, na tulimlaumu karibu mwaka mzima. Yeye alikuwa na jibu moja tu: "Sauti nazisikia, maneno siyaelewi." Baadaye nilipoanza kusoma mambo haya nikakuta kauli hiyo hiyo ndiyo imewasumbua watafiti kwa zaidi ya miaka 40. Baba mdogo alikuwa anasema kweli tupu.

Tuanzie ndani ya sikio. Kuna kiungo kidogo chenye umbo la konokono, wataalamu wanakiita koklea. Humo mna seli zenye vinywele, za aina mbili. Za ndani ni kama 3,500 kwa kila sikio, na ndizo zinazopeleka habari kwenye ubongo. Za nje ni kama 12,000, na kazi yake ni kukuza sauti ndogo na kuzichambua, yaani kutenganisha mlio huu na ule unaokaribiana nao. Umri, kelele za miaka mingi na baadhi ya dawa huziua, na mara nyingi za nje ndizo zinazotangulia. Zikifa hazioti tena. (Kuku zake huota upya, sisi hatuna bahati hiyo.)

Sasa tazama hasara ilivyo. Seli za nje zikifa unapoteza vitu viwili kwa mpigo: ukubwa wa sauti, na uchambuzi wake. Kifaa kinarudisha cha kwanza. Cha pili hakikirudishi. Mtafiti wa Uholanzi, Reinier Plomp, aliliandika hili waziwazi mwaka 1978, kwamba tatizo lina sehemu mbili, sauti kufifia na sauti kuvurugika. Penye ukimya kifaa kinaondoa ile ya kwanza na mtu anaona nafuu kubwa. Penye kelele, kukuza peke yake hakusaidii sana, maana maneno na kelele vinapanda pamoja. Ni kama picha yenye ukungu: ukiikuza, ukungu nao unakua.

Mwenye masikio mazima hajui kazi kubwa inayofanyika kichwani mwake. Mwaka 1953 Colin Cherry, aliyekuwa akifundisha London, aliwavalisha watu hedifoni zenye ujumbe tofauti kila sikio, akawataka waurudie mmoja tu neno kwa neno. Waliweza bila shida. Ila walipoulizwa ule wa sikio la pili ulisema nini, hawakuwa na habari, na wala hawakuweza kusema kwa uhakika ulikuwa kwa lugha gani. Ubongo unaweza kuifungia mlango sauti usiyoitaka, lakini mpaka sauti zifike zikiwa zimetengana. Kwa baba mdogo zinafika uji mmoja.

Jambo la pili, na hili ndilo limenikera zaidi: kipimo. Mara nyingi unaingizwa kwenye kijichumba kisichopitisha sauti, unavalishwa hedifoni, unasikilizishwa milio na kubonyeza kitufe kila unaposikia. Ni kipimo muhimu kabisa, ila kinapima sauti ndogo kuliko zote unayoweza kuisikia penye ukimya. Hakijui lolote kuhusu ukumbi wa harusi. Watu wawili wenye karatasi za majibu zinazofanana wanaweza kutofautiana sana wakiwekwa penye kelele.

Mwaka 2009 huko Boston, Sharon Kujawa na Charles Liberman walionyesha jambo la kutisha. Waliwapigia panya kelele ya desibeli 100 kwa saa 2 tu. Baada ya muda usikivu wao wa milio ulirudi kama zamani na seli zenye vinywele zilikuwa nzima. Lakini sehemu ya koklea inayoshughulikia sauti nyembamba ilikuwa imepoteza karibu nusu ya viungio vya seli na mishipa ya fahamu. Kwa kipimo cha milio, panya mzima! Kwa binadamu bado wataalamu wanabishana jambo hili linachangia kiasi gani, kwa hiyo tusikimbilie kusema kila asiyeelewa baa ameharibikiwa hivyo. Ila wale wanaoweka kichwa jirani na spika kwenye ngoma waisome aya hii mara mbili.

Vipimo vya maneno penye kelele vipo. Uholanzi walianza miaka ya 2000 kupima watu kwa simu: unasikia tarakimu tatu ndani ya mvumo, unazibonyeza, na mvumo unapanda au kushuka kufuatana na majibu yako. Afrika Kusini ikatoa wa kwake kwa simu za kisasa mwaka 2016, na Shirika la Afya Duniani likatoa wake mwaka 2019. Tarakimu zinatumika kwa sababu kila mtu anazijua.

Kipimo cha namna hii lazima kiwe kwa lugha ya anayepimwa. Mtu anayesikiliza lugha ya kujifunzia hushindwa mapema zaidi penye kelele hata akiwa na masikio mazima. Ukimpima bibi kwa Kiingereza umepima shule, hujapima sikio. Na Kiswahili kina mitego yake. Umewahi kutajiwa namba ya simu ukiwa kwenye daladala? "Sita au tisa?" Irabu ni zile zile, i na a. Tofauti ni s na t kubadilishana nafasi. Irabu zina nguvu na nyingi ya nguvu hiyo iko kwenye sauti nzito ambazo mzee bado anazisikia. S, f na sh ni sauti dhaifu na nyembamba, na huko juu ndiko usikivu wa uzeeni unakoanza kuondoka. Ndiyo maana anasikia kwamba unaongea, lakini pata, kata na fata kwake ni neno moja.

Vifaa vyenyewe vimefika wapi? Vingi vina maikrofoni mbili zinazopendelea sauti ya mbele. Maabara hilo huleta nafuu ya desibeli 2 hadi 5, ila kwenye ukumbi wenye mwangwi inapungua. Usidharau desibeli: mtu akiwa pale anapoelewa nusu ya sentensi, desibeli 1 tu inaweza kuongeza asilimia 10 au zaidi. Ile programu ya zamani ya kupunguza kelele inapunguza uchovu, lakini haiongezi maneno. Mwaka 2013 timu ya Eric Healy na DeLiang Wang huko Ohio ilionyesha kwamba kompyuta iliyofundishwa kutenganisha maneno na kelele inaweza kuwaongezea uelewa wenye usikivu hafifu, na mwaka 2024 Phonak waliuza kifaa chenye chipu maalumu ya kazi hiyo. Bei yake ndiyo hivyo tena. Na bado hakijui kati ya shangazi na MC unataka kumsikiliza nani.

Kumbe kuna kitu cha bure. Kwenye uwanja wa wazi, kumsogelea mtu kutoka mita 2 hadi mita 1 kunaongeza sauti yako kwa desibeli 6, zaidi ya hizo maikrofoni. Mzee akae mgongo ukutani, mbali na spika, uso wako upate mwanga aone midomo. Ongea taratibu kidogo, usipige kelele, kelele inavuruga zaidi. Kwa msikitini, kanisani au kikaoni, ipo maikrofoni ndogo anayovaa msemaji na kurusha sauti moja kwa moja hadi kwenye kifaa. Hiyo inashinda kifaa chochote kikiwa peke yake.

Wanaoniuliza kuhusu vile vidude vya bei poa vya mtandaoni: vingi ni vya kukuza tu, vinakuza kila kitu sawasawa. Kifaa halisi kinapangwa kwa karatasi ya mhusika, kinakuza sana sauti ndogo na kidogo sauti kubwa. Na hata hicho kinahitaji kurudishwa kurekebishwa, siyo mara moja. Baba mdogo alirudishwa mara tatu. Siku hizi harusini anakivaa, ila meza ya karibu na spika hakai hata umpe ya wazee wa heshima.