Wodi za Mulago na Somo la Lishe
Sisi tunaosomea uzamili wa lishe ya tiba huanza na mizani, utepe wa kupima mkono na F-75, maziwa ya tiba kwa watoto wenye utapiamlo mkali. Historia huachwa kando, nami hilo linanisikitisha, kwani sehemu kubwa ya somo hili ilizaliwa Afrika, kwenye wodi za watoto.

Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, alikuwa Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo, alipoandika mwaka 1933 habari za watoto waliovimba miguu, ngozi ikibabuka. Aliwasikiliza mama zao: ugonjwa humpata aliyeachishwa ziwa kwa kuwa mdogo wake amezaliwa, akabaki na uji mtupu wa mahindi. Mwaka 1935 akautangaza kwa jina walilolitumia akina mama wenyewe, kwashakoo. Mabingwa wa Uingereza walishikilia kuwa ni pelagra tu, ugonjwa wa upungufu wa vitamini.

Daktari Hugh Trowell, aliyefika Kenya 1929 kisha akahamia hospitali ya Mulago, Kampala, alihangaika na ubishi huo miaka mingi, hadi yeye na wenzake Davies na Dean walipotoa kitabu kizima mwaka 1954. Maziwa ya unga yaliwaponya watoto. Lakini nyumbani maziwa hayo yangetoka wapi?

Jibu lilitoka Mwanamugimu, kituo kilichoanzishwa Mulago miaka ya 1960, nami nakipenda kuliko vyote. Mama alikaa na mwanawe, akajifunza kupika kitobero: matoke pamoja na maharage au karanga zilizotwangwa, vikafungwa kwenye jani la mgomba na kuivishwa kwa mvuke katika chungu kile kile cha familia. Hapakuwa na kopo la kununua. Na wauguzi walijua dalili moja isiyohitaji mizani: mtoto wa kwashakoo akianza kutabasamu, anapona.

Trowell huyo huyo, mwaka 1956, aliandika habari za Mwafrika aliyeugua mishipa ya moyo, jambo geni kabisa Afrika Mashariki wakati ule. Mgonjwa alikuwa jaji, mnene, aliyezoea vyakula vya Kizungu. Baadaye Trowell na daktari mwenzake Denis Burkitt, aliyefahamiana naye Uganda, walitoa kitabu mwaka 1975 juu ya madhara ya vyakula vilivyokobolewa.

Leo kliniki yangu humpokea mtoto aliyekonda akiwa amebebwa na bibi mnene mwenye kisukari. Wote wawili wanatoka nyumba moja, ilhali mimi nilifundishwa maradhi yao katika mihula tofauti. Naviomba vyuo vyetu viyafundishe pamoja, na kitobero kipewe saa zake za vitendo, jikoni.