NASABA YA JANSE VAN RENSBURG, NA FUNZO LAKE KWA KOO ZETU



Taarifa ya mwaka huhesabu fedha zilizoingia na zilizotoka. Lakini iko hesabu nyingine isiyomo katika daftari la mweka hazina, nayo ni hesabu ya waliotutangulia. Hesabu hiyo hupungua kila tunapomzika mzee. Ndiyo sababu kurasa hizi zimetengwa kwa habari za nasaba. Nitaanza na jamaa ya kigeni, jamaa ya Makaburu waitwao Janse van Rensburg. Sikusudii kuwatukuza. Nawataja kwa kuwa kufika kwao kulifungua mlango wa mambo yaliyowapata babu zetu wa Bungoma na Kitale, na kwa kuwa yafaa tuone jinsi wageni walivyohifadhi majina ya baba zao.

Jina lao lenyewe ni kama hati. Janse maana yake ni mwana wa Jan. Neno van ni sawa na kusema "wa" au "kutoka". Rensburg ni Rendsburg, mji wa nchi ya Holstein, kaskazini ya Ujerumani, ambayo zamani ilikuwa chini ya mfalme wa Denmark. Basi mwenye jina hilo hutaja kwa pumzi moja baba wa ukoo wake na mji alikotoka, ijapokuwa yeye mwenyewe hakuuona mji huo kamwe.

Shina lao katika Afrika ni mtu mmoja aliyeitwa Claas. Alifika Rasi ya Tumaini Jema, kusini kabisa mwa bara letu, katika zama za Kampuni ya Waholanzi, iliyofungua kituo pale mwaka 1652 ili merikebu zake zipate maji, mboga na nyama. Watoto waliozaliwa kule waliandikwa katika vitabu vya ubatizo, na waliooana wakaandikwa katika vitabu vya ndoa. Kwa vitabu hivyo wazao wao huweza kupanda ngazi ya vizazi, mmoja baada ya mwingine, hadi kumfikia Claas.

Hata hivyo, mwenye kutafuta nasaba hana budi kujihadhari, kwa maana jina moja si baba mmoja. Mwaka 1836 kiongozi wa Makaburu, Hans van Rensburg, aliuawa pamoja na msafara wake katika nchi iliyo karibu na mto Limpopo. Miaka 72 baadaye kiongozi mwingine wa jina hilo hilo alikuja Kenya. Haifai kusema kwamba huyu ni mjukuu wa yule, mpaka kila kizazi cha katikati kimepatikana na kutajwa. Kanuni hiyo hutufaa na sisi, hasa pale watu wawili wanapodai ujamaa kwa sababu tu babu zao waliitwa jina moja.

Kiongozi huyo wa pili, Jansen van Rensburg, alishuka Mombasa mwaka 1908 pamoja na jamaa zipatazo 47, na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe. Vita vya Waingereza na Makaburu, vya mwaka 1899 hadi 1902, vilikuwa vimewaacha wengi wao katika dhiki, nao walitafuta ardhi mpya. Ndugu wa jamaa ya Van Breda walikuwa wamekwisha kutangulia Uasin Gishu mwaka 1903. Msafara ulipanda treni hadi Nakuru, ukaondoka huko mwezi wa Agosti, ukapita misitu na matope pasipo barabara, na kufika penye kilima cha mawe cha Sergoit mwezi wa Oktoba. Mwaka uliofuata walianzisha kanisa lao na kuliita Vergenoeg, yaani "mbali ya kutosha".

Lakini nchi waliyoikuta haikuwa bila historia. Wamaasai wa Uasin Gishu walikuwa wametawanywa na vita vya karne ya 19, na ng'ombe wa Wanandi wakalisha pale. Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel arap Samoei aliuawa, na baada ya vita hivyo Wanandi wakasukumwa katika hifadhi yao. Hivyo uwanda ambao mgeni aliuona mtupu ulikuwa umetolewa watu wake muda si mrefu kabla ya yeye kufika.

Kutoka Uasin Gishu walowezi walivuka mto. Jina la Trans Nzoia maana yake ni ng'ambo ya Nzoia, nalo ladhihirisha aliyelitoa alikuwa amesimama upande gani. Mtu aliyetoka Kimilili kwenda Kitale hakuwa na ng'ambo yoyote, kwa sababu hakuuvuka Nzoia. Na Wasabaot, waliochunga katika nyanda hizo tangu kale, walikuwa wakipaita nyumbani. Kuanzia mwaka 1919 Serikali iliwagawia mashamba askari wa Kizungu waliotoka vitani, na mwaka 1926 reli ikafika Kitale. Mahindi yakalimwa kwa wingi, na mahindi yakataka mikono ya watu.

Hapo ndipo nasaba yetu inapokutana na ya walowezi. Wengi wa babu zetu waliondoka Bungoma wakaenda kukaa katika mashamba hayo pamoja na wake, watoto na ng'ombe zao, wakaitwa maskwota. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka wamfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kila mwaka. Walipewa kipande, kilichoonyesha mwajiri na mshahara. Kipande hakikutungwa ili kuhifadhi ukoo wa mtu, bali ili akitoroka ajulikane. Mlowezi aliandikwa kama mrithi, lakini mfanyakazi wake aliandikwa kama mtumishi. Watoto waliozaliwa katika kambi hizo walilelewa mbali na makaburi ya babu zao.

Je, sisi hatukuwa na vitabu? Tulikuwa navyo, ila havikuwa vya karatasi. Kwa Wabukusu, mzee mwenye heshima akifariki, msemaji wa kumuse husimama mbele ya watu na kueleza asili ya ukoo na safari za kabila. Tena ziko rika nane za tohara: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa, zinazozunguka kwa muda wa karibu miaka mia. Mtu wa Kikwameti alitahiriwa kati ya mwaka 1912 na 1922. Kwa hiyo, mzee akisema kwamba baba yake alikuwa Kikwameti naye alikwenda Kitale akiwa kijana ametoka kutahiriwa, twaweza kujua kwamba ni zamani zile zile za kugawiwa askari mashamba.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 Makaburu wengi waliuza mashamba yao na kurudi kusini, wakiwa na majina ya baba zao vitabuni. Wazao wa waliowalimia wamebaki, na wengine wao hushindana mbele ya chifu na mahakamani juu ya urithi, hali shahidi wa mwisho amekwisha kuzikwa. Ardhi ikipotea kwa njia hiyo, wa kulaumiwa si mlowezi tena.

Kwa hiyo, Wanachama, yatupasa kila nyumba inunue daftari moja. Na yaandikwe humo jina la babu na la baba yake, ukoo na rika lake, kijiji alikotoka, shamba alilofanya kazi, wake zake wote na watoto wa kila nyumba, mabinti pia, na mahali alipozikwa. Jambo lisilokubaliwa na wazee wawili liandikwe pamoja na majina ya wanaobishana, lisifichwe. Nao vijana waliosoma wawaendee wazee mwaka huu huu, na kalamu mkononi, wakiwa wasikilizaji, wala si mahakimu.