Safari Fupi ya Deki ya Kurekodi DVD

Desemba 1999, kampuni ya Pioneer ilipeleka madukani nchini Japani mashine iliyoitwa DVR-1000. Kwa umbo ilifanana na deki ya video iliyokuwa imeshakaa miaka mingi chini ya televisheni za watu, ila hii haikumeza kaseti. Ilimeza diski ya DVD, na juu ya kucheza filamu iliweza kunasa kipindi kikiwa hewani. Bei yake ilikuwa yen 250,000. Hiyo ndiyo deki ya kwanza ya kurekodi DVD kuuzwa kwa matumizi ya nyumbani, na mtu aliyeinunua alikuwa akilipia haja mbili ambazo kwa miaka zaidi ya ishirini zilikuwa zimekaa pamoja ndani ya mkanda mmoja: haja ya kuahirisha na haja ya kuhifadhi.

Haja ya kuahirisha ndiyo iliyoiuza deki tangu mwanzo. Sony ilipotoa Betamax mwaka 1975, ilimwambia mtazamaji kwamba saa ya kipindi sasa ni saa yake mwenyewe. Kaseti za kwanza za Betamax zilichukua saa moja tu. Mwaka uliofuata JVC ilileta VHS, kazi ya wahandisi Yuma Shiraishi na Shizuo Takano, na kaseti yao ilichukua saa mbili. Tofauti hiyo ya saa moja ilikuwa na uzito kuliko inavyodhaniwa: filamu nzima iliingia kwenye mkanda mmoja, bila mtu kuamka usiku kubadilisha kaseti. Mwaka 1988 Sony yenyewe ilianza kutengeneza deki za VHS.

Kuahirisha nusura kuharamishwe. Mwaka 1976 Universal na Disney waliishtaki Sony nchini Marekani wakidai kwamba kurekodi filamu nyumbani ni kuvunja hakimiliki. Kesi ilizunguka hadi Mahakama ya Juu, na tarehe 17 Januari 1984 majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba mtu anayerekodi kipindi ili akitazame baadaye hana kosa. Miongoni mwa ushahidi walioutaja ni wa Fred Rogers, mtangazaji wa kipindi mashuhuri cha watoto, aliyesema hana kinyongo na familia zinazorekodi kipindi chake na kukitazama kwa wakati unaozifaa. Kura moja ingeangukia upande wa pili, historia yote iliyofuata ingekuwa nyingine.

Haja ya kuhifadhi ina mfano mkubwa kuliko yote mjini Philadelphia. Huko Marion Stokes, aliyewahi kuwa mkutubi, alirekodi habari za televisheni mchana na usiku tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi alipofariki Desemba 2012. Aliacha kanda zipatazo 70,000, za Betamax na VHS. Vituo vingi havikutunza matangazo yao, kwa hiyo sehemu ya kumbukumbu ya umma ilikuwa imelala kwenye makasha ya mwanamke mmoja.

Tanzania Bara deki ilikuwa na historia ya peke yake. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, lakini Bara haikuwa na kituo hata kimoja hadi 1994. Kwa hiyo katika nyumba nyingi za Bara zilizokuwa na uwezo, deki na televisheni viliingia mlangoni kabla ya matangazo. Hapakuwa na kipindi cha kuahirisha. Televisheni ilikuwa kioo cha deki, na deki ilikuwa ya kuchezea filamu za kuazima na kanda za harusi. Ndiyo maana hadi leo mtu akisema "deki" msikilizaji hafikirii kurekodi, anafikiria kucheza.

Turudi kwenye diski. Mnunuzi wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 alipoingia dukani kutafuta deki ya kurekodi, swali la kwanza lilihusu diski gani mashine ingekubali, na hapo watengenezaji walikuwa wamemtegea mtego. Panasonic, Toshiba na Hitachi walisimama na DVD-RAM. Pioneer ilisimama na DVD-R na DVD-RW. Philips na wenzake, waliounda kambi yao mwaka 1997, walileta DVD+RW na baadaye DVD+R. Alama ndogo ya kujumlisha au ya kutoa iliamua kama diski uliyonunua ingefanya kazi au ingetemwa.

Kila moja ilielemea haja yake. DVD-RAM ilikuwa ya mwahirishaji hasa: iliweza kufutwa na kurekodiwa upya takriban mara 100,000, wakati DVD-RW ilikadiriwa mara 1,000. Tena mtu aliyechelewa kurudi nyumbani aliweza kuanza kutazama mechi tangu dakika ya kwanza huku dakika ya sitini ikiendelea kurekodiwa. Lakini ukiipeleka diski hiyo kwa jirani, deki yake ya kawaida haikuisoma. DVD-R ilikuwa ya mhifadhi. Huandikwa mara moja tu, ila ikishafungwa husomeka karibu kila mahali.

Neno "kufungwa" linastahili maelezo, maana limewaliza wengi. Diski iliyorekodiwa hubaki wazi, ikisubiri vipindi zaidi, na katika hali hiyo ni deki iliyoirekodi tu inayoielewa vizuri. Ili isomeke kwingine, lazima mwenye deki aingie kwenye menyu na kuiamuru iandike orodha ya mwisho ya yaliyomo. Aliyesahau hatua hiyo, kisha deki ikaharibika, alibaki na diski isiyochezeka kwenye deki nyingine.

Vita ya alama ilipoa mapema. Mwaka 2003 Sony ilitoa deki iliyokubali diski za kutoa na za kujumlisha, na wengine wakafuata. Lililobaki lilikuwa hesabu ya muda. Diski moja yenye gigabaiti 4.7 ilichukua saa moja kwa ubora wa juu kabisa, saa mbili kwa ubora wa kawaida, nne kwa ubora wa chini, na sita au nane kwa picha iliyokuwa ikianza kuvunjika vipande kila mchezaji alipokimbia. Wajuzi walishauri saa mbili. Walishauri pia kuacha diski za bei ya kutupa, kwa sababu rangi ya kemikali inayoshika picha ndani ya DVD-R huchakaa, na ubora wake ulitofautiana mno kati ya kiwanda na kiwanda. Diski za Taiyo Yuden za Japani zilisifiwa sana kwa hilo.

Mnunuzi wa Afrika Mashariki aliongezewa mtihani mwingine. Deki ya soko la Japani ilitaka umeme wa volti 100 na ilifuata mfumo wa televisheni wa NTSC, wakati nyumba za Dar es Salaam na Nairobi zilikuwa na volti 230 au 240 na matangazo ya PAL.

Kisha ikaja diski kuu ndani ya deki, kama ile ya kompyuta. Huo ndio uliokuwa muungano bora: kipindi cha kutazamwa kesho kilibaki ndani, na chenye thamani kilihamishiwa kwenye DVD. Tangu 1999 kampuni ya TiVo ilikuwa imeshawaonyesha Wamarekani kwamba kuahirisha hakuhitaji diski ya kutoa na kuingiza hata kidogo. Deki yenye vyote viwili iliheshimu haja zote mbili, na kwa maoni ya mwandishi huyu hakuna chombo cha nyumbani kilichozitimiza vizuri zaidi, kabla yake wala baada yake.

Haikudumu, na iliyoiua ni antena. Nchini Japani, tangu Aprili 2004 vipindi vya dijitali vilirushwa na amri ya nakala moja: ukikihamishia kwenye DVD, kinafutika ndani ya deki. Julai 2008 amri ililegezwa hadi nakala kumi. Marekani, tangu Machi 2007, kila chombo kipya cha kupokea televisheni kilitakiwa kiwe na uwezo wa dijitali, gharama ikapanda, na watengenezaji wengi wakajitoa sokoni. Mitambo mikubwa ya analojia ilizimwa huko tarehe 12 Juni 2009. Dar es Salaam ilizimiwa tarehe 31 Desemba 2012. Kuanzia hapo deki ya kurekodi ilipokea picha kupitia king'amuzi, na kwa kuwa king'amuzi ndicho kilichochagua chaneli, deki haikuweza tena kujiwasha usiku na kutafuta kituo yenyewe. Ilirekodi chochote kilicholetwa na waya.

Funai ya Japani, iliyotengeneza deki za DVD zenye diski kuu zilizouzwa Marekani kwa jina la Magnavox, ilibaki pia kuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS. Ilikoma Julai 2016, vipuri vilipokuwa havipatikani. Kutoka deki milioni 15 kwa mwaka enzi za kilele, mwaka 2015 iliuza 750,000. Oktoba 2024 kampuni yenyewe ilifilisika.

Deki zilizosalia zina kazi moja zinayoifanya vizuri bado. Kanda za harusi za miaka ya 1990 zinakauka na kushika ukungu kabatini. Deki ya VHS huunganishwa na ya DVD kwa waya wa njano, mwekundu na mweupe. Moja inacheza, nyingine inarekodi. Hakuna njia ya kuharakisha. Kaseti ya E-180 ikiwa imejaa, kazi huchukua saa tatu kamili, kwa kuwa picha hupita kwenye waya kwa mwendo uleule ambao bibi harusi aliingia nao ukumbini.