Adabu ya Bendera Chomboni: Delta ya Rufiji kati ya Bendera Nyekundu na Bendera ya Taifa

Kiswahili kilipokea neno bendera kutoka kwa Wareno, lakini kitenzi kinachoandamana nalo ni cha mabaharia wenyewe. Tanga hutwekwa, na bendera nayo hutwekwa. Chombo kisichotweka tanga hakiendi. Chombo kisichotweka bendera kinaweza kwenda, ila hakijulikani ni cha nani. Swali hilo la umiliki na himaya ndilo lililozaa adabu ya bendera baharini, na ni kosa kudhani kwamba adabu hiyo ililetwa pwani na manowari za Ulaya.

Delta ya Rufiji, ambayo sehemu yake kubwa sasa imo katika Wilaya ya Kibiti, inafaa kwa uchunguzi wa jambo hili kwa sababu ya miti yake. Mikoko ya huko ilitoa boriti, mazio, pau na fito zilizojengea nyumba za Zanzibar, Maskati na miji ya Ghuba isiyokuwa na miti. Majahazi yaliingia kwa kaskazi, yakapenya katika milango ya mto kama Simba Uranga na Kikunya, yakapakia, kisha yakasubiri kusi kurudi kwao. Kwa hiyo Wanyagatwa na Warufiji wa visiwa vya delta walizoea kuona bendera za nchi za mbali kabla hawajaona ofisa yeyote wa nchi hizo.

Iliyoonekana zaidi ilikuwa bendera nyekundu tupu. Mwaka 1861 usuluhishi wa Lord Canning ulitenganisha Zanzibar na Maskati, lakini haukutenganisha bendera zao. Chombo cha Unguja na chombo cha Sur viliweza kutia nanga katika mkondo mmoja vikiwa na kitambaa cha rangi ileile, ingawa watawala wao walikuwa wawili. Kilichowatofautisha manahodha kilikuwa hati zao, lahaja yao na sura ya chombo. Hapa methali isemayo kwamba bendera hufuata upepo haitoshi: bendera hiyo ilifuata nasaba.

Mambo yaligeuka baada ya mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, ambao Sultani Barghash alikubali kwawo kukomesha usafirishaji wa watumwa baharini. Misafara ya Kilwa ilipanda kaskazini kwa miguu na kuvuka Rufiji, mpaka njia hiyo nayo ikapigwa marufuku mwaka 1876. Baharini, bendera nyekundu ikawa alama ya hatari, kwa kuwa manowari za Uingereza zilikuwa na haki ya kupekua chombo kilichoitweka. Ufaransa, kwa upande wake, haikukubali Waingereza wapekue vyombo vilivyotembea kwa bendera yake. Nahodha aliyepata hati ya Kifaransa alipata ngao. Tarehe 3 Desemba 1881, karibu na Pemba, Kapteni Brownrigg wa manowari London aliuawa alipokikaribia chombo kilichobeba watumwa chini ya bendera hiyo.

Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulijaribu kuziba mwanya huo, na masharti yake yanastahili kusomwa kwa utulivu, maana humo adabu iligeuka kuwa sheria. Mwenye chombo cha kienyeji aliyetaka bendera ya dola fulani alitakiwa awe raia wake au mtu aliye chini ya himaya yake. Alitakiwa kuonyesha mali isiyohamishika au kuweka dhamana, awe na sifa njema, na nahodha wake asiwe amewahi kuhukumiwa kwa biashara ya watumwa. Ruhusa ilipaswa kufanywa upya kila mwaka.

Mzozo haukuisha. Uingereza na Ufaransa zilifikishana mbele ya Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi huko The Hague, na hukumu ya tarehe 8 Agosti 1905 katika kesi ya majahazi ya Maskati ikaamua kwamba baada ya tarehe 2 Januari 1892 Ufaransa haikuwa na haki ya kuwapa bendera raia wa Sultani wa Maskati, isipokuwa wale waliothibitika kuwa chini ya himaya yake kabla ya mwaka 1863. Waliokwisha kupewa ruhusa kabla ya 1892 waliendelea nayo, lakini hawakuweza kumrithisha mtu mwingine. Inafaa kusisitiza jambo hili: kitambaa kinaweza kurithiwa kama shuka yoyote, haki ya kukitweka hairithiwi.

Nchi kavu kulikuwa na somo jingine. Agosti 1888 huko Pangani, Emil von Zelewski wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki alishikilia kuipandisha bendera ya kampuni kando ya ile ya Sultani. Watu wa mji waliusoma ujirani huo wa bendera mbili kama tangazo la kumwondoa mwenyeji, na upinzani ulioenea pwani chini ya Abushiri ulianzia humo. Hawakukosea: tangu tarehe 1 Januari 1891 pwani yote ikawa ya Wajerumani.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilileta bendera za uongo. Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa imezamisha Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha katika delta. Meli Rubens iliyotumwa kuipelekea makaa ilisafiri kwa jina la Kronborg na bendera ya Denmark, ikaishia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, Aprili 1915. Desturi za vita vya baharini ziliruhusu hila hiyo kwa sharti moja tu: bendera ya kweli itwekwe kabla ya kufyatua risasi. Königsberg yenyewe ilizamishwa na mabaharia wake tarehe 11 Julai 1915, baada ya kupigwa na Severn na Mersey.

Biashara ya boriti iliendelea. Mwaka 1939 Alan Villiers alifika Salale ndani ya jahazi la Kuwait, nchi ambayo bendera yake wakati ule ilikuwa nyekundu yenye jina lake kwa maandishi meupe ya Kiarabu. Bendera ya Tanganyika ya Kiingereza, yenye kichwa cha twiga, nayo ilikuwa nyekundu. Wekundu ulikuwa umepita mikono mingi.

Kisha ikaja miezi ambayo nahodha wa Unguja aendaye Rufiji hakuwa na budi kuwa na fundi cherehani karibu. Tarehe 10 Desemba 1963 bendera nyekundu ya Sultani iliongezewa duara la kijani lenye karafuu. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 ikatwekwa bendera ya rangi tatu, iliyobadilishwa mwezi huohuo kuwa buluu, nyeusi na kijani. Delta ilikuwa tayari na bendera ya Tanganyika tangu tarehe 9 Desemba 1961. Bendera ya Muungano ilipitishwa tarehe 30 Juni 1964.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unataka chombo kisafiri chini ya bendera ya dola moja tu; kinachotumia mbili kwa kuchagua inayofaa saa hiyo kinaweza kuhesabiwa hakina utaifa. Zanzibar ina bendera yake tangu Januari 2005, nayo hubeba ile ya Muungano pembeni mwake, lakini mbele ya mataifa chombo cha Unguja ni cha Tanzania. Bendera ya taifa hukaa tezi, mahali pa heshima. Ya nchi mwenyeji, chombo kikiwa ugenini, hutwekwa upande wa kulia wa mlingoti. Ya kihistoria haichukui nafasi ya yoyote kati ya hizo.

Je, jahazi la maonyesho litweke bendera nyekundu? Hakuna sababu ya kuikataza, ila wapo watu wa kusini ambao wazee wao waliipandia Kilwa wakiwa katika minyororo, na wapo watoto wa manahodha waliopakia boriti chini yake bila kumtia mtu utumwani. Wote wana haki ya kuulizwa. Ikitwekwa, iwe ndogo kuliko ile ya taifa, kwa shughuli iliyotangazwa, hali chombo kimetia nanga, na ituliwe kabla nahodha hajaagiza nanga ing'olewe.