Mashine Iliyopima Miguu ya Milimani

Mbozi ni nchi ya kahawa, na mtu wa Itaka wilayani humo hahitaji kuelezwa uzito wa gunia lililofungwa kwenye keria ya baiskeli. Anayepanda nalo mlima bila kushuka husifiwa kwa maneno matatu: "Huyu ana miguu." Sifa huishia hapo. Ana miguu kiasi gani, hakuna ajuaye.

Jirani zetu wa Rwanda walilijibu swali hilo, na kwao pia mambo yalianzia kwenye kahawa. Mwaka 2005, Tom Ritchey, Mmarekani aliyekuwa miongoni mwa waundaji wa mwanzo wa baiskeli za milimani, alitembelea nchi hiyo. Kahawa mbivu ikilala gunini huchachuka na kushuka daraja, hivyo akabuni baiskeli ndefu ya kuifikisha upesi kwenye vituo vya kuoshea. Mwaka 2006 yakafanyika mashindano ya Wooden Bike Classic, yaliyopata jina kutokana na baiskeli za mbao wanazotumia wanakijiji kubebea mizigo.

Mgeni mmoja wa mashindano hayo alikuwa Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France, mwaka 1981. Mwanzoni mwa 2007 alirudi Rwanda kufundisha, akiwa na mashine ya kupimia nguvu. Baiskeli hufungwa palepale ilipo, gurudumu la nyuma likagusa rola inayolikaza kwa sumaku, na kompyuta ikaonyesha wati anazotoa mwendeshaji. Wati hizo zikigawanywa kwa kilo za mwili wake, mlima unakuwa umeingia chumbani: mwembamba wa kijijini anaweza kulinganishwa na bingwa wa Ulaya bila wawili hao kukutana.

Kupima nguvu barabarani hakukuwa jambo kongwe. Mjerumani Ulrich Schoberer alianzisha kampuni ya SRM mwaka 1986, akafunga kipima nguvu kwenye mkono wa pedali. Kabla ya hapo, barabarani makocha walitegemea saa, mapigo ya moyo na macho yao.

Kutokana na majaribio ya Boyer lilizaliwa kundi la kwanza la Team Rwanda. Humo walikuwamo Abraham Ruhumuriza, ambaye tayari alikuwa bingwa wa Tour of Rwanda, Nathan Byukusenge na kijana Adrien Niyonshuti. Mwaka huohuo wa 2007 timu ilikwenda Cape Epic, mbio za siku nane za baiskeli za milimani nchini Afrika Kusini. Mwaka 2012 Niyonshuti alimaliza wa 39 katika mbio za milimani za Olimpiki ya London. Byukusenge alifuata njia hiyo Rio mwaka 2016.

Kenya nayo ina mfano wake. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alifunzwa na mwendesha baiskeli Mkenya David Kinjah kwenye njia za vumbi za mji wa Kikuyu. Mwaka 2015, baada ya kushinda Tour de France kwa mara ya pili, alipimwa kwenye maabara nchini Uingereza: wati 419 kwa mwili wa kilo 69.9, yaani karibu wati 6 kwa kila kilo.

Leo mazoezi ya ndani kwa mashine za aina hiyo yamekuwa mchezo kamili. Programu ya Zwift, iliyoanza mwaka 2014, huwakutanisha waendesha baiskeli walio mabara tofauti, na mwaka 2020 yalifanyika mashindano ya kwanza ya dunia ya aina hiyo. Bingwa wa wanawake alikuwa Ashleigh Moolman Pasio wa Afrika Kusini.

Lakini tusikosee. Mashine ya Boyer haikumpa Mnyarwanda miguu. Milima na mizigo ilikwisha kumpa. Ilichofanya ni kuiandika miguu hiyo. Na kuandika hakuhitaji kungoja mashine. Maafisa michezo wa Mbozi wachague mlima mmoja, baiskeli ileile na mzigo uleule, wachukue saa na daftari, kisha kila mwezi waandike dakika za kila kijana. Baada ya msimu mmoja wa kahawa, Itaka itajua ana miguu nani, na kiasi gani.