Historia ya Ushuru Hadi Machinjio ya Vingunguti

Ng'ombe anayechinjwa Vingunguti, jijini Dar es Salaam, amekwisha kulipiwa zaidi ya mara moja kabla kisu hakijamgusa. Huko alikotoka, Singida au Shinyanga, alilipiwa mnadani. Safarini alikatiwa kibali. Kwenye mnada wa Pugu akalipiwa tena. Na kwenye lango la machinjio mwenye mali anadaiwa risiti ya ushuru. Neno hilo hutajwa tangu usiku wa manane, magari ya mifugo yanaposhusha, hadi alfajiri, nyama ikishapigwa mhuri na kupakiwa kupelekwa kwenye mabucha ya mjini. Mchinjaji analijua, mchuna ngozi analijua, na mama anayenunua utumbo na makongoro analijua pia. Umri wake ni mkubwa kuliko wa Dar es Salaam yenyewe.

Asili yake ni Kiarabu, ushr, yaani fungu moja la kumi. Ni ndugu wa ishirini tunayohesabia, na wa Ashura, siku ya kumi ya Muharram. Katika sheria ya Kiislamu, mkulima aliyenyweshewa shamba na mvua alitoa moja ya kumi ya mavuno yake. Aliyepandisha maji kisimani kwa jasho lake au kwa mnyama alitoa nusu ya fungu hilo, kwa sababu gharama yake ilikuwa kubwa. Khalifa Umar bin Khattab alipoweka watoza ushuru njiani, mfanyabiashara wa nchi ya nje alitoa moja ya kumi, asiye Mwislamu anayeishi chini ya dola nusu yake, na Mwislamu robo yake. Leo tunaweza kuukataa mgawanyo huo wa watu kwa dini. Kilicho wazi ni kwamba neno lilibeba kipimo tumboni mwake: lilitaja sehemu, na sehemu hukua au hupungua pamoja na mali.

Unguja ya Sultani Seyyid Said ndiko ushuru ulikofanywa biashara. Sultani hakuwa na makarani wa kutosha, akaikodisha forodha. Jairam Shivji, tajiri mwenye asili ya Kachchh huko India, alimlipa kiasi cha mwaka walichopatana, kisha akakusanya mwenyewe. Kilichozidi kikawa chake. Mkataba uliotiwa saini na Marekani mwezi Septemba 1833 uliweka asilimia 5 kwa shehena itakayoshushwa. Fungu la kumi likawa nusu yake, jina likabaki lilelile, na pwani nzima ikazoea kuita ushuru kila kinachotozwa pale mali inapopita.

Jinsi jambo hili lilivyokuwa zito ilionekana 1888. Aprili mwaka huo Sultani Khalifa wa Unguja aliipa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki haki ya kuendesha forodha za pwani ya bara kwa jina lake. Agosti maofisa wa kampuni walipokuja kuzishika, Pangani iliwaka chini ya Abushiri bin Salim, na Saadani ikasimama na Bwana Heri. Vita vile vilikuwa na mengi ndani yake, bendera, utawala, heshima ya msikiti. Lakini swali la nani asimame forodhani na mkono wazi lilikuwa katikati. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia makao makuu yao Dar es Salaam.

Wao ndio walioleta kipimo kingine. Kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa 1898, haikuuliza mtu amevuna nini: nyumba ni nyumba, toa rupia. Waingereza wakaendeleza. Kodi ya kichwa, iliyokuja kurejeshwa kwa jina la kodi ya maendeleo, ilifutwa 2003, na wazee wengi bado wanakumbuka kukimbizwa na mgambo kwa ajili yake.

Ushuru wa halmashauri umerithi tabia hiyo. Serikali za mitaa zilifutwa 1972. Halmashauri za miji zikarudishwa 1978, na Sheria Na. 9 ya 1982 ikazipa mamlaka ya mapato yake. Dar es Salaam, Tume ya Jiji iliendesha mambo kuanzia 1996, kisha mwaka 2000 zikaja manispaa tatu, Vingunguti ikawa chini ya Ilala. Februari 2021 Rais Magufuli alilivunja Jiji la zamani na Ilala ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam. Jina juu ya risiti limebadilika, daftari la karatasi limeipisha mashine ya mkononi, lakini ng'ombe bado anahesabiwa kwa kichwa. Aliyekondeshwa na kiangazi na dume lililonona wanapita langoni kwa bei moja. Mfugaji aliyepandisha maji kisimani kwa mikono miezi yote ya ukame hapati ile nusu ambayo sheria ya kale ilimpa mkulima mwenzake.

Nalisema hili kwa ajili ya Vingunguti hasa. Kata hii, iliyobanwa kati ya Barabara ya Nyerere na bonde la Msimbazi, imebebeshwa mizigo ya mji mzima: mabwawa ya majitaka, dampo la takataka katika miaka ya 1990, viwanda, na damu ya machinjio. Watu wake walifanya kazi miaka mingi katika machinjio chakavu huku ushuru ukikusanywa kila usiku. Mwaka 2019 Rais Magufuli alifika pale na kuhimiza ujenzi wa machinjio ya kisasa. Shirika la Nyumba la Taifa likajenga, kwa zaidi ya shilingi bilioni 12. Jengo lilistahili kuja mapema zaidi.

Halmashauri inaweza kabisa kutoza kwa uzito wa nyama au kwa bei ya mnadani, ili aliyepata kidogo atoe kidogo. Na ninyi wenye mabucha, wachinjaji, wachuna ngozi na wauza utumbo, mkutano wa mtaa ukiitishwa, nendeni. Ombeni msomewe mapato na matumizi, na muulize ni fungu gani la ushuru wa machinjio linalobaki Vingunguti.