Hesabu ya 1.4: Supachaja, Tabo na Kitabu cha Kanuni

Wapenda magari wakianza kubishana ni nani aliyetangulia kufunga supachaja na tabo kwa pamoja kwenye injini ndogo, heshima kwa kawaida huenda kwa Volkswagen na Golf GT yake ya mwaka 2005. Wenye kumbukumbu ndefu husahihisha: hapana, ni Lancia Delta S4 ya mwaka 1985. Baada ya hapo pande zote mbili hupatana kwenye hoja moja, kwamba wahandisi walichoka na tabo inayochelewa kushika, wakakuna vichwa, wakapata ufumbuzi. Hapo ndipo ninapoachana nao. Tabo ilianza kuchelewa tangu ilipozaliwa, na ufumbuzi ulijulikana miongo kadhaa kabla ya Lancia. Swali ni kwa nini kiwanda kikubali gharama ya mitambo miwili juu ya injini moja katika miaka ile na si mingine. Jibu limo katika waraka ambao mashabiki huupita bila kuufungua: Kiambatisho J cha kanuni za michezo ya magari ya kimataifa, hasa jedwali lake la uzito.

Historia ya awali haina haja ya kurefushwa. Ndugu wawili wa ukoo wa Roots, kutoka Connersville katika jimbo la Indiana, walipata hataza ya mashine yao ya kupuliza hewa mwaka 1860, wakati hakuna aliyefikiria gari. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya tabo mwaka 1905. Katika Vita Kuu ya Pili ndege ya kivita ya Kimarekani P-38 ilipaa ikiwa na vyote viwili: tabo ikilisha hewa supachaja iliyozungushwa kwa gea, ili injini ipumue kwenye anga nyembamba. Malori na mitambo iliyotumia dizeli za Detroit za mipigo miwili ilifuata mpango wa namna hiyo kwa sababu nyingine kabisa. Kwa hiyo Lancia ilipofika, wazo lilikuwa na mvi.

Msomaji anayejua injini aruke aya hii. Supachaja huzungushwa na injini yenyewe, kwa mkanda au gea, hivyo hewa huingia kwa nguvu mara tu unapokanyaga mafuta. Ila mzigo wa kuizungusha hubebwa na injini, na kadiri mizunguko inavyopanda ndivyo mzigo unavyokula nguvu. Tabo huzungushwa na moshi unaotoka, nguvu ambayo ingepotea bure. Ila moshi usipotosha, haizunguki vya kutosha. Injini ndogo hutoa moshi mdogo, kwa hiyo ukiifunga tabo kubwa utasubiri. Ukiziunganisha kwa mfululizo, supachaja hubeba mizunguko ya chini, tabo hupokea ya juu, na katikati kuna vali inayoamua hewa ipite wapi.

Sasa turudi kwa Lancia, huko Torino, kwenye karakana za mashindano za Abarth, ambako mhandisi Claudio Lombardi aliichora injini ya Delta S4. Lancia ilikuwa imetwaa ubingwa wa watengenezaji wa mwaka 1983 kwa gari aina ya 037, lenye supachaja peke yake na kusukumwa kwa magurudumu ya nyuma, mbele ya Audi iliyokuwa na tabo na kusukumwa kwa magurudumu yote manne. Ushindi huo ulikuwa wa mwisho wa aina yake. Mwaka 1984 Peugeot ilikuja na 205 T16, na 037 ikaanza kuonekana kikongwe.

Kanuni za Kundi B, kundi la magari ya rali ambamo magari hayo yalishindana, zilisema hivi: injini yenye kulazimishiwa hewa, ujazo wake halisi unazidishwa kwa 1.4, na jibu ndilo linaloamua gari linaingia daraja gani na liwe na uzito gani wa chini kabisa. Daraja lililoishia cc 2,500 liliruhusu kilo 890. Lililofuata, hadi cc 3,000, lilidai kilo 960. Injini ya S4 ilikuwa na cc 1,759. Zidisha kwa 1.4 upate takriban 2,463: ndani ya daraja jepesi. Ya Peugeot ilikuwa na cc 1,775, nayo ikapenya. Ford RS200 ilibeba cc 1,803, ikavuka mstari kwa cc 24 tu za hesabu, ikatupwa kwenye daraja la kilo 960.

Lakini kanuni haikuuliza hewa inalazimishwa na mitambo mingapi. Mwenye tabo moja alitozwa 1.4, mwenye tabo na supachaja alitozwa 1.4 ile ile. Adhabu ililipwa mara moja, na mtambo wa pili ukapita bila kulipiwa. Lancia ilikuwa tayari na supachaja yake ya Volumex kutoka 037, na uzoefu wa miaka mitatu wa kuitumia. Iliongeza tabo ya KKK, ikapata zaidi ya nguvu farasi 450 bila kupoteza msukumo wa mizunguko ya chini. Huhitaji kumfanya Lombardi nabii ili kulielewa hilo. Mhandisi hodari aliyesoma jedwali vizuri anatosha.

Gari liliidhinishwa Novemba 1985, na mwezi huo huo likashika nafasi ya kwanza na ya pili katika RAC Rally ya Uingereza, Henri Toivonen mbele, Markku Alén nyuma yake. Januari 1986 Toivonen akashinda Monte Carlo. Kuanzia hapo hadithi zimeota mbawa. Inayosimuliwa zaidi ni kwamba Toivonen aliizungusha S4 kwenye uwanja wa Estoril, Ureno, kwa muda ambao ungemweka safu za mbele za Formula One mwaka ule. Sina subira nayo. Anayeisimulia haji na karatasi ya muda, anakuja na aliyemsimulia.

Hoja ninayoipa uzito ni ya wale wanaosema mitambo miwili haikuwa na lazima. Wana ushahidi mzuri: Peugeot, kwa tabo peke yake na katika daraja lile lile la uzito, ilichukua ubingwa wa watengenezaji mwaka 1985 na tena 1986. Delta S4 haikupata hata mmoja. Alén alihesabiwa bingwa wa madereva kwa siku chache mwishoni mwa 1986, kisha matokeo ya Sanremo yakafutwa na taji likaenda kwa Juha Kankkunen wa Peugeot. Mtu anayedai kuwa supachaja na tabo pamoja ndilo lilikuwa jibu la pekee analazimika kwanza kuieleza Peugeot, na sijaona anayefanya hivyo. Kwangu mimi, ushahidi huo unaisaidia hoja ya kanuni: Lancia ilichukua mtambo wa pili kwa sababu ilikuwa nao na haukuigharimu kitu kwenye mizani ya daraja, si kwa sababu hapakuwa na njia nyingine.

Tarehe 2 Mei 1986 Toivonen na msaidizi wake Sergio Cresto walitoka barabarani huko Corsica, gari likaungua lote, wakafariki. Chanzo hakikuthibitishwa kamwe. Wapo wanaoilaumu injini yenyewe, eti nguvu zake zilikuja ghafla mno, lakini moto haukubakiza cha kuchunguza, na lawama ya namna hiyo inabaki dhana. Kundi B lilipigwa marufuku kuanzia msimu uliofuata.

Watazamaji wa Afrika Mashariki, kwa upande wao, waliona nusu tu ya mpango wa S4. Kwenye Safari Rally ya Pasaka ya 1986 Lancia ilileta 037 ya zamani, yenye supachaja bila tabo. Alén alimaliza wa tatu, nyuma ya Toyota Celica mbili za tabo. Ya kwanza iliendeshwa na Björn Waldegård.

Gari ninalolipenda zaidi katika historia hii ni dogo, na vitabu vingi vinalipa sentensi moja. Mwaka 1988 kizidisho kilipandishwa kutoka 1.4 hadi 1.7. Wakati huo Nissan March ya kawaida, kigari cha kwenda sokoni, ilikuwa na injini ya cc 987, kipenyo cha silinda milimita 68 na mwendo wa pistoni milimita 68. Zidisha kwa 1.7: unapata 1,678, nje ya daraja la cc 1,600. Nissan ikafanya jambo ambalo kiwanda hakilifanyi kwa kupenda, ikaipunguza injini. Kipenyo kikashuka hadi milimita 66, ujazo ukawa cc 930, na 930 mara 1.7 ni 1,581. Juu ya injini hiyo wakafunga supachaja na tabo, wakapata nguvu farasi 110. Ilitoka kwanza kama March R, kwa ajili ya mashindano, kisha mwaka 1989 kama Super Turbo kwa wanunuzi wa kawaida wa Japani.

Zile milimita mbili ndizo ushahidi wangu mkubwa. Anayetafuta tu kuondoa uchelewaji wa tabo hana sababu ya kupunguza silinda. Cc zaidi zingemsaidia. Anayepunguza ana penseli mkononi na kanuni mezani.

Kuhusu Golf nitasema machache, maana yameandikwa mengi. Injini ya cc 1,390 ilitoa nguvu farasi 170, supachaja yake ikiunganishwa na kuachiwa kwa klachi ya sumaku. Kitabu cha kanuni kilikuwa kimebadilika: badala ya jedwali la uzito, sasa ilikuwa ahadi ya watengenezaji wa Ulaya, waliyoitoa mwaka 1998, ya kushusha wastani wa kaboni ya magari mapya hadi gramu 140 kwa kilomita ifikapo 2008. Injini ndogo iliyofanya kazi ya kubwa ilisaidia hesabu hiyo. Mwaka 2009 ilipewa tuzo ya kimataifa ya injini bora. Mafundi walikuwa na tathmini yao: cheni za taimingi zilizorefuka na pistoni zilizopasuka.

Magari hayo yalifika Afrika Mashariki yakiwa mtumba kutoka Japani, na yakakuta kanuni nyingine inayohesabu cc. Kenya inaweka mstari wa ushuru kwenye cc 1,500. Tanzania kwa miaka mingi imeuweka kwenye cc 1,000 na 2,000. Afisa wa forodha husoma ujazo, hafungui boneti kuhesabu mitambo ya hewa. Gari la cc 1,390 lenye nguvu za injini ya lita mbili na zaidi lilipita Mombasa kama gari dogo, na mnunuzi aliyefurahia punguzo hilo akaja kulilipa kwa fundi.

Volkswagen yenyewe haikuing'ang'ania. Injini mpya ya cc 1,395 iliyoanza kutoka mwaka 2012 ilikuja na tabo moja, mkanda wa taimingi badala ya cheni, na, katika baadhi ya matoleo, mfumo wa kuzima silinda mbili injini ikiwa na mzigo mdogo. Kipimo kilikuwa kimeshakuwa gramu za kaboni, na kwenye kipimo hicho mtambo wa pili haukuwa tena wa bure.